Karakana ya Modeli: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ndege za Kivita na Silaha Zake

Barua za toleo hili zimeelemea upande mmoja: ndege za kivita za miaka ya 1960 na 1970, na vile vinavyoning'inia chini ya mabawa yake. Vipimo tulivyotoa ni vya uwiano wa 1/72 na 1/48, kwa kuwa ndizo seti ambazo wengi wenu mnazo mezani.

Nina boksi la MiG-21MF la 1/72 na nataka kuunda F-7 ya mwanzo ya Tanzania. Aliyeniuzia anasema F-7 ni MiG-21 iliyotengenezwa China, kwa hiyo nibadili stika tu. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Ni nusu kweli, na ile nusu nyingine ndiyo itakayokuharibia kazi. F-7 ni jina la kuuzia nje la ndege ya Kichina J-7, na J-7 za mwanzo zilitokana na MiG-21F-13, si MF. Kati ya F-13 na MF kuna karibu miaka kumi ya mabadiliko, na mengi yanaonekana kwa macho hata ukiwa mbali na kabati.

Anza na pua. F-13 ina mdomo mwembamba wa kuingizia hewa na koni ndogo ndani yake. MF ina mdomo mpana na koni nene yenye rada. Ule mkuki mrefu wa kupimia mwendo, kwa F-13 umefungwa chini ya mdomo, kwa MF uko juu na umesogezwa upande wa kulia. Kanopi (kifuniko cha kioo juu ya rubani) ya F-13 ni kipande kimoja pamoja na kioo cha mbele, na bawaba zake ziko mbele. Ya MF hufungukia upande wa kulia, kioo cha mbele kikibaki mahali pake. Mgongo nyuma ya rubani ni mwembamba kwa F-13, umevimba kwa MF. Chini ya kila bawa F-13 ina nguzo moja ya silaha, MF ina mbili. Na ukiigeuza MF utaona mzinga wa GSh-23L wenye mitutu miwili ukiwa umebandikwa tumboni, ambao F-13 haina kabisa.

Kuikata MF mpaka iwe F-13 kunawezekana, lakini utabadilisha pua, mgongo, kanopi na mkia, na ukimaliza utakuwa umetumia puti nyingi kuliko plastiki. Tafuta seti ya F-13 au ya J-7. Hiyo MF iache iwe MF: Misri, Poland na Ujerumani Mashariki zote ziliirusha, na rangi zake zinapendeza.

Mabawa ndiyo yanayolingana. Upana wa MiG-21 kutoka ncha hadi ncha ni mita 7.154, kwa hiyo modeli ya 1/72 iwe na milimita 99.4, na ya 1/48 iwe na 149. Pima kwa venia (kifaa cha kupimia vipimo vidogo) kabla hujagusa gundi. Tofauti ya nusu milimita isikunyime usingizi. Ikizidi milimita mbili, kagua kwanza kama mabawa yamekaa sawa kwenye kiwiliwili, maana mara nyingi kosa liko kwenye maungio na si kwenye bawa lenyewe.

Mapezi ya makombora kwenye seti yangu ni manene kama mbao. Nikiyapiga msasa yanavunjika. Mafundi wenzangu mnafanyaje? (Msomaji, Kisumu)

Usiyapige msasa, yakate uweke mapya. Unene huo una sababu: plastiki ya moto haiwezi kujaza nafasi nyembamba sana kwenye kalibu, ndiyo maana pezi la seti ya 1/72 hufika nusu milimita. Lizidishe mara 72 upate milimita 36. Hakuna Sidewinder, kombora la Kimarekani la kutungulia ndege, yenye pezi nene namna hiyo.

Chukua karatasi ya plastiki ya milimita 0.13, au kopo la soda ambalo ukuta wake una unene wa karibu milimita 0.1. Kopo likunjue, bandua rangi kwa msasa namba 600, kisha lilaze juu ya kioo na ulisugue kwa mgongo wa kijiko mpaka linyooke. Chora pezi moja kwa usahihi, likate, na litumie kama kielelezo cha mengine. Yakate yote kwa mkupuo mmoja, maana mkono hubadilika ukirudi baada ya chai.

Kazi ngumu ni kuyapanga kwenye nyuzi 90. Kwenye kadi ngumu chora msalaba, kisha toboa tundu katikati lenye kipenyo cha kombora. Sidewinder ina milimita 127, yaani 1.76 kwa 1/72 na 2.65 kwa 1/48. Kombora la Kisovieti R-3S nalo ni hivyo hivyo, kwa sababu lilinakiliwa kutoka Sidewinder ya AIM-9B iliyokwama bila kulipuka kwenye MiG-17 ya China mwaka 1958. Pitisha mwili wa kombora kwenye tundu, bandika mapezi mawili yanayotazamana yakifuata mstari, subiri yashike, ndipo uweke mawili yaliyobaki. Plastiki kwa plastiki tumia gundi ya plastiki ya maji maji, tone dogo kwa brashi. Bati la kopo halitayeyuka kwa gundi hiyo, kwa hiyo tumia supaglu nzito kidogo, uichukue kwa ncha ya pini.

Mapezi ya mbele na ya nyuma ya Sidewinder yako kwenye mstari mmoja, hayapishani. Na kombora likishakaa kwenye reli, mapezi yanakaa kama herufi X, si kama alama ya kujumlisha. Kwenye kona ya nje ya kila pezi la nyuma kuna kigurudumu kidogo chenye meno, kinachozungushwa na upepo ili kombora lisijiviringishe. Kwa 1/48 kiweke. Kwa 1/72 tone moja la gundi nyeupe, likikauka, linatosha kudanganya jicho.

Wengine wamejaribu vijiti vya pamba za masikio kama mwili wa kombora. Vijiti vingi vya plastiki vya aina hiyo havishiki gundi ya modeli wala rangi, na ukivishika vibaya rangi yote inabanduka kama ganda.

Naunda F-4E ya Jeshi la Anga la Marekani, Vietnam, 1972, kwa 1/48. Boksi lina makombora manne ya Sidewinder na manne ya Sparrow, mabomu kumi na mawili na matangi matatu. Nitundike vyote? Na mikanda ya njano kwenye mabomu iwe mingapi? (Msomaji, Nairobi)

Usitundike vyote. Kilichomo kwenye boksi ni duka, si mzigo wa safari moja. Kosa hili tunaliona kuliko mengine yote: modeli iliyopakwa rangi vizuri, mistari imetulia, halafu chini yake imening'inizwa kila kitu mtengenezaji alichotia kwenye mfuko. Tafuta picha moja ya F-4E ya mwaka huo na ufuate hiyo, hata kama upande mmoja wa bawa uko mtupu.

Mpangilio unaoonekana mara nyingi ni matangi kwenye nguzo za nje, mabomu kwenye vishikio vya ndani au katikati, na Sparrow mbili kwenye vishimo vya nyuma vya tumbo. Kwenye kishimo kimoja cha mbele mara nyingi utakuta chombo cha kuvuruga rada mahali pa kombora. Sparrow ina urefu wa mita 3.66 na kipenyo cha milimita 203, kwa hiyo kwa 1/48 ni milimita 76.2 kwa 4.2. Ya kwenye seti ikiwa fupi, utaiona haijazi kishimo.

Sidewinder za kwenye boksi zichunguze mapezi ya mbele. Yakiwa na ncha kali na kukunjwa mara mbili ukingoni, hiyo ni AIM-9L, ambayo iliingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1970. Haikuwapo Vietnam. Kwa F-4E ya 1972 unahitaji AIM-9E, au AIM-9J iliyofika vitani mwaka huo huo. Hizo L zihifadhi kwa Sea Harrier, ndege ya Uingereza, ya vita vya Falklands vya 1982, huko ndiko mahali pake.

Sasa mikanda. Kwa silaha za Marekani njano ni kilipuzi kikali, kahawia ni injini ya roketi, bluu ni silaha ya mazoezi isiyo na kilipuzi. Kombora hai kwa hiyo lina mkanda wa njano kwenye sehemu ya kilipuzi na wa kahawia kwenye injini. Bomu la Mk 82 la Jeshi la Anga lina rangi ya zeituni na mkanda mmoja wa njano karibu na pua. Mabomu ya Jeshi la Majini yaliyopakwa kinga ya moto yana mikanda miwili, na ngozi yake ni ya kukwaruza. Kinga hiyo ilitokana na moto wa meli ya USS Forrestal, tarehe 29 Julai 1967, ambapo roketi iliyofyatuka kwa bahati mbaya iliwasha mafuta juu ya sitaha, mabomu yakaanza kulipuka kwa joto na watu 134 wakafa. Ukiweka bomu la kukwaruza chini ya F-4E ya Jeshi la Anga ya 1972, umechanganya majeshi mawili.

Kupaka mkanda: anza na nyeupe, kisha njano, acha ikauke kabisa. Funika kwa ukanda mwembamba wa tepu ya kufichia, uliokatwa kwa wembe mpya juu ya kioo. Halafu paka zeituni bomu zima na ubandue tepu rangi ikiwa bado laini. Ukifanya kinyume, njano juu ya zeituni, utahitaji makoti manne na ukingo utabaki mnene.

Mk 82 ina kipenyo cha milimita 273, yaani 5.7 kwa 1/48. Baadhi ya picha za Vietnam zinaonyesha bomba jembamba limechomoza puani: ni kirefusho cha fyuzi cha inchi 36, kilichofanya bomu lilipuke kabla halijazama ardhini. Kwa uwiano wako ni milimita 19. Mabomu ya namna hiyo hayapatikani kwenye kila boksi na yanabadilisha kabisa sura ya ndege.

Rangi za mwili, kwa namba za FS (orodha rasmi ya rangi ya Marekani), ni FS 30219 ya udongo, 34102 na 34079 za kijani, na 36622 ya kijivu tumboni. Sehemu ya nyuma kuzunguka midomo ya moshi haipakwi rangi hizo, ni chuma kitupu kilichobabuka kwa joto. Na uamue ndege yako iko katika hali gani. Ikiwa imeegeshwa, silaha ziwe na vitambaa vyekundu vya usalama. Ikiwa marubani wameketi na kanopi zinafungwa, vitambaa viwe vimeshatolewa.

Kitabu kimoja kinasema F-5E ina upana wa mita 8.13, kingine 8.53. Nani mwongo? (Msomaji, Nanyuki)

Hakuna. Ya kwanza ni bila makombora kwenye ncha za mabawa, ya pili ni pamoja nayo. Kwa 1/48 ni milimita 169.4 na 177.7. Angalia pia usije ukauziwa F-5A kwa jina la F-5E: F-5A ina mita 7.70 tu, kiwiliwili chembamba zaidi, na upanuzi mdogo zaidi pale shina la bawa linapokutana na mwili. Kenya ilianza na F-5E, na hakuna stika itakayoificha tofauti hiyo.

Mirage III yangu imekamilika lakini inakalia mkia. Nimeambiwa nijaze chubwi za kuvulia puani. Tayari nimefunga kiwiliwili. Nimechelewa? (Msomaji, Tanga)

Si sana, kama koni ya pua bado haijabandikwa au inaweza kukatwa kwa msumeno mwembamba kwenye mstari wake. Wengine huficha uzito ndani ya shimo la gurudumu la mbele, au nyuma ya kiti cha rubani.

Kwa modeli ijayo pima kabla ya kufunga. Unganisha vipande vyote kwa tepu, vikiwemo matangi na mkia, kisha weka kalamu ya mviringo chini ya mabawa mahali magurudumu makuu yatakapokaa. Panga sarafu juu ya pua moja moja mpaka iiname. Pima sarafu hizo kwenye mizani, ongeza kama robo ya uzito wake, na hicho ndicho kiasi chako. Nafasi ya uzito ina maana: gramu tano kwenye ncha ya pua zinafanya kazi kuliko gramu kumi chini ya miguu ya rubani. Lakini usizidishe. Miguu ya plastiki ya 1/72 ikibebeshwa mzigo mkubwa hupinda polepole, na kwenye chumba chenye joto utaiona baada ya miezi michache imepanuka kama ya ng'ombe mchanga.

Chubwi za risasi zifunge kwa epoksi ya mirija miwili. Usitumie gundi nyeupe ya mbao. Gundi hiyo hutoa asidi kidogo kidogo, risasi inageuka unga mweupe unaovimba, na baada ya miaka kiwiliwili kinapasuka kwenye mshono kutokea ndani. Gololi za chuma hazina shida hiyo, ingawa ni nyepesi kuliko risasi kwa ukubwa ule ule. Na ukishika risasi, nawa mikono kabla ya kula.

Nikipuliza vanishi inayong'aa, inakauka na ukungu mweupe. Niko Mombasa, ukutani kwa bahari. (Msomaji, Mombasa)

Hewa yako ina maji mengi. Thina kali ikiruka haraka hupoza uso wa modeli, unyevunyevu unaganda juu yake kama kwenye chupa ya soda baridi, na maji yananaswa ndani ya vanishi kabla haijafunga.

Acha kupuliza alfajiri, usiku na wakati mvua za masika zinanyesha. Mchana wenye upepo mkavu ndio wako. Tumia thina inayokauka polepole, au tia kicheleweshaji kidogo, matone machache kwa kikombe cha brashi ya hewa. Makoti yawe membamba, presha kati ya psi 15 na 20, umbali wa sentimita 10 hivi. Kama brashi inatema matone, kagua kichujio cha maji kwenye mpira wa kompresa. Huko Pwani kichujio hicho hujaa haraka, na wengi hawakifungui mpaka maji yamefika kwenye rangi.

Ukungu ulioingia tayari mara nyingi huondoka ukipuliza koti jepesi sana la thina ile ile siku kavu. Jaribu kwanza chini ya tumbo. Na usifanye hivyo juu ya stika kabla ya kuhakikisha thina hiyo haiziyeyushi.

Mwanangu wa miaka kumi anataka kuanza. Ninunue nini, na ni salama? (Mama, Arusha)

Mama, mnunulie seti ya 1/72 ya kuunganisha bila gundi, yenye vipande visivyozidi hamsini, na rangi za akriliki zinazooshwa kwa maji. Mkataji mdogo wa waya ni salama kuliko wembe kwa kutoa vipande kwenye fremu. Gundi ya plastiki na thina zitumike dirisha likiwa wazi na wewe ukiwa karibu. Risasi za kuweka puani zisubiri akue.

Stika za seti ya zamani zimegeuka njano. Nizitupe? (Msomaji, Muscat)

Zitie kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na uzibandike dirishani zikitazama jua. Siku chache za jua lenu zitazifanya nyeupe tena. Halafu kata moja usiyoihitaji na uijaribu majini. Ikimeguka vipande, pulizia karatasi yote koti moja la vanishi ya kung'aa, iache ikauke siku nzima, na kila stika uikate karibu na picha yake, maana vanishi imeziunganisha zote. Ziweke juu ya uso unaong'aa. Juu ya rangi isiyong'aa hewa hunaswa chini na stika huonekana kama ina fedha pembeni. Ikitokea, ichome kwa pini mahali penye hewa na utie kilainisha stika.

Mitutu ya mizinga kwenye seti yangu haina tundu. Nina keekee ndogo lakini inapasua plastiki. (Msomaji, Bujumbura)

Nenda duka la dawa ukanunue sindano mpya. Yenye kitako cha kijani ni G21: kipenyo cha nje milimita 0.82, tundu la ndani karibu 0.51. Kwa 1/48 tundu hilo ni sawa na milimita 24.5, jirani kabisa na mzinga wa GSh-23 wa milimita 23. Ya kijivu, G27, ina 0.41 nje na huingia ndani ya ile ya kijani, kwa hiyo ukiziunganisha unapata ule mkuki wa pua ya MiG-21 unaopungua unene kuelekea mbele.

Usikate sindano kwa koleo, utaliziba tundu. Izungushe chini ya ukingo wa tupa ya pembetatu mpaka iwe na mfereji pande zote, kisha ivunje kwa vidole, ukiwa umevaa miwani kwa sababu kipande huruka. Lainisha mdomo kwa msasa namba 1000. Ncha kali iliyobaki itie ndani ya chupa yenye kifuniko kabla hujainuka mezani. Kwenye modeli kata mtutu wa plastiki, toboa kishimo kwa pini iliyopashwa moto kidogo au biti ya 0.8 inayozungushwa kwa vidole, usitumie mashine, na uifunge sindano kwa supaglu. Mkuki wa pua uache mpaka siku ya mwisho ya kazi, kwa sababu ndio wa kwanza kunaswa na mkono wa shati.